Aliyekataa Kunilaza Usingizi

Nilivuliwa nguo kwa ajili ya upasuaji mara tano, nikapasuliwa mara moja. Hizo mara nne nyingine nilikaa na njaa tangu jioni, nikaombewa, nikavaa lile gauni la kijani lililo wazi mgongoni, nikalazwa, kisha nikainuka nikavaa nguo zangu nikarudi nyumbani. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi yuko kwenye benchi la hospitali, kadi mkononi na hasira kifuani. Hasira hiyo naijua vizuri. Mimi niliimwaga mahali pasipostahili.

Hospitali sitaitaja. Walionitibu bado wako kazini, na wengi wao ni wazuri kuliko majengo waliyopewa. Mimi naitwa Namkunda, nina miaka hamsini na sita, nalima tangawizi huku juu milimani, wilaya ya Same, na naimba kwenye kwaya ya kina mama ya usharika wetu.

Ugonjwa wangu ulikuwa tezi la shingo. Wageni wakiliona wanashtuka, sisi huku hatukuwa tukishtuka. Bibi yangu alikuwa nalo, mama yangu alikuwa nalo, na utotoni nilidhani ni kitu kinachowaota wanawake wakishazeeka, kama mvi. Siku hizi kuna chumvi ya madini joto na watoto wetu wana shingo nyembamba. Langu lilianza nikiwa na mimba ya pili, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilifunga kitambaa shingoni nikaendelea kupalilia. Halikuuma, kwa hiyo sikwenda popote. Hilo ni kosa langu la kwanza, mengine yanakuja.

Kilichonitoa nyumbani ni pumzi. Kwanza nilishindwa kulala chali, nikawa nalala nimeegemea mito. Kisha kukaanza mlio, filimbi nyembamba kila nikivuta hewa, hata mume wangu Sifaeli akawa anageuka kitandani na kuuliza kama nimewasha redio. Kisha makande yakawa yananikwama. Siku moja kanisani, katikati ya wimbo ambao nimeuimba tangu nikiwa msichana, hewa ikakataa kuingia. Nilishika kiti cha mbele nikaona madirisha yanageuka meusi. Kina mama walidhani nimeguswa na Roho wakaongeza sauti. Nilipopata pumzi, wimbo ulikuwa umeisha na mimi nilikuwa nimejikojolea kidogo. Wiki hiyo hiyo tulishuka tambarare.

Daktari wa upasuaji alinionyesha picha. Tezi lilikuwa limeshuka nyuma ya mfupa wa kifua, na koromeo la hewa, ambalo kwa watu wengine limenyooka, langu lilikuwa limepinda na kubanwa. Akasema litolewe kabla halijaziba kabisa. Nilipewa vidonge vya kutuliza tezi kwa miezi mitatu, nikapangiwa tarehe, kabla ya mvua za vuli.

Kuhusu kusubiri, niseme machache, maana hakuna anayekuandaa. Utasubiri kadi, utasubiri vipimo, utasubiri anayesoma vipimo, na jina lako litaitwa mara moja tu, dakika ile uliyokwenda msalani. Utaombwa uondoke kwenye benchi ili lipigwe deki. Utajua maisha ya watu wote walio kwenye foleni kabla hujajua ugonjwa wako. Beba kanga ya ziada na usimwachie mtu yeyote nafasi kwa ahadi.

Siku ya kwanza nilifika chumba cha upasuaji nikiwa nimekwishaagana na kila mtu. Hapo ndipo nilipomwona Kabula. Alikuwa muuguzi wa usingizi, yaani ndiye anayekupiga nusu kaputi na kukaa kichwani kwako mpaka uzinduke. Mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Shinyanga, sauti ndogo. Akanisalimu, "Shikamoo mama," nikaitikia, akanibana kidoleni na kile kifaa kinachosoma kama hewa inafika kwenye damu.

Hakikusoma kitu. Akahamisha kidole, akahamisha mkono, akafunua shuka akajaribu vidole vya miguu. Kisha akaangalia kucha zangu kwa muda.

"Mama, hii ni piko?"

Ilikuwa piko. Wiki iliyotangulia tulikuwa na send-off ya binti wa kaka yangu, na kwetu siku hizi shangazi wa bibi harusi hawezi kusimama na kucha tupu. Nilipakwa nyeusi tii, mikono na miguu.

"Kifaa chetu ni hiki kimoja, na hakioni kupitia rangi hii," akasema. "Cha kuweka sikioni hatuna. Leo hatutafanya, mama. Nenda ukazikwangue, zinazoota ziwe nyeupe, urudi."

Nilidhani ananitania. Shingo inaniziba, watu wamefunga na kuomba, na mimi narudishwa nyumbani kwa sababu ya kucha? Nilimwambia anilaze tu, shingo haina piko. Akasema, "Nikikulaza, mdomo wako hautaniambia kama umeishiwa hewa. Kidole ndicho kitaniambia." Sikutaka kusikia. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nakwangua kucha kwa wembe nikitukana kimoyomoyo, na Sifaeli alikuwa anatazama nje ya dirisha kwa namna ambayo mke wa ndoa ya miaka thelathini anaielewa.

Mara ya pili vuli ilikuwa imeshika. Barabara ya kushuka ilikuwa tope tupu na tulisukuma gari mara mbili, mimi nikiwa mmoja wa wasukumaji mpaka dereva aliposikia ninavyopumua akaniamuru nirudi ndani. Kucha zangu zilikuwa safi kama za mtoto. Kifaa kikasoma. Nikalazwa kitandani, taa kubwa juu ya uso, na umeme ukakatika.

Nilikuwa macho, nikasikia kila kitu. Jenereta lilikohoa likawaka. Kabula akaenda kwenye mtungi wa akiba wa oksijeni, akafungua, akagonga kipimo kwa kidole.

"Mtungi hauna kitu," akasema.

Daktari akasema, "Jenereta limewaka. Mashine ya oksijeni inafanya kazi. Tuendelee."

"Likizima je?"

"Halitazima. Mchome dawa ya mshipa, apumue mwenyewe, nafanya haraka."

"Shingo hii, daktari? Ikilegea ikaziba, nitampumulishia nini?"

Daktari alikuwa amesafiri kuja kwa ajili ya siku zake mbili za upasuaji, na foleni yake ilikuwa ndefu. Alimwambia kwa upole kwamba wagonjwa wengi wamefanyiwa hivyo na wakapona. Kabula akajibu, "Ndiyo, wengi," akaja akanifunika shuka.

Ningekuwa na akili yangu ya sasa ningembusu mikono. Siku ile nilichosikia ni kwamba daktari anataka kunitibu na huyu mwanamke hataki. Nilitoka nikamweleza Sifaeli hivyo hivyo, na wifi yangu Nakiete, aliyekuja kuniuguza, akaongeza chumvi: huenda hajasoma vizuri, huenda anaogopa damu, huenda ana lake jambo.

Krismasi ile nilikunywa uji tu. Mito ilifika mitano, kisha nikahamia kwenye kiti. Sifaeli naye akahamishia godoro lake sakafuni kando ya kiti, akawa ananishika kifundo cha mguu akilala, ili nikianza kuhangaika aamke. Hatukuwahi kugombana kama tulivyogombana miezi ile. Tuligombana kuhusu chumvi, kuhusu mbuzi, kuhusu nani aliacha mlango wazi. Aliogopa, na mume wangu akiogopa huwa anasahihisha watu.

Mara ya tatu, kipindi cha joto kabla ya masika, umeme ulikuwepo, mtungi ulikuwa umejaa, kucha zilikuwa safi. Nililala pale nikijua sasa Mungu ameona. Kabula akachukua kile chombo chenye ulimi wa chuma cha kuangalizia koo, ambacho ndicho anachotumia kuingiza mpira wa hewa, akabonyeza. Taa yake haikuwaka. Akabadilisha betri, haikuwaka. Balbu imekufa, na nyingine hakuna. Mtu mmoja mle ndani akasema atamulikia kwa tochi ya simu.

"Simu ataishika nani, na ulimi ataushika nani?" Kabula akasema. Kisha akanigeukia. "Mama, leo hatutafanya."

Niliketi. Nilimwambia mbele ya watu wote, "Wewe binti, kama kazi huiwezi, waachie wanaoiweza. Mimi nakufa hapa unachezea taa." Nilisema na mengine, siyaandiki. Nilikuwa nalia na filimbi ya shingoni inalia pamoja nami.

"Sawa, mama," akajibu. Akafunga kamba za gauni langu mgongoni ili nisitoke nikiwa wazi mbele za watu.

Sasa nieleze kuhusu barua. Sifaeli alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu. Majirani zetu wanatutania kwamba Mpare atafuata kesi ya kuku mpaka zizi la ng'ombe libaki tupu. Wanatutania, lakini hawasemi uongo. Jumamosi ile kikao cha ukoo kilikaa nyumbani kwetu, maana kwetu jambo la mtu mmoja halipelekwi mbele na mtu mmoja. Walikunywa chai, wakasikiliza, wakahoji, wakatoka na barua ya kurasa nne yenye aya za namba. Aya ya kwanza ilihusu kucha, ya pili mtungi, ya tatu balbu, na zote zilimtaja mtu mmoja. Ombi lilikuwa kwamba muuguzi Kabula aondolewe chumba cha upasuaji na awekwe mwenye uwezo. Nakala kwa ofisi sita. Saini kumi na moja, na ya kwanza ilikuwa yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani alipaswa kununua balbu.

Barua yangu ya kwanza maishani kujibiwa haraka ilikuwa hiyo. Kabula aliondolewa, akapelekwa chumba cha sindano, na mtaalamu mwingine akaazimwa kutoka kituo kingine. Nikapewa tarehe baada ya Pasaka. Nyumbani tulichinja jogoo.

Yule mtaalamu mpya alikuwa baba wa makamo, mchangamfu. Alinipigapiga begani akasema, "Wala usiogope, dada yangu. Utalala, utaamka." Nilimpenda papo hapo. Aliyetangulia siku hiyo alikuwa mama Anna wa Lembeni, muuza nyanya, tuliyelala naye vitanda vya jirani wodini. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Walimwingiza, nami nikawekwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya mlango, zamu yangu ikiwa ya pili.

Umeme ulikatika. Nilihesabu pumzi zangu nikisubiri jenereta, halikuwaka. Ndani nikasikia mtu anaita jina la mama Anna, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa nguvu. Kisha mlango ukafunguliwa na muuguzi akapita mbio kuelekea nje akiita, "Kabula! Mwiteni Kabula!"

Alikuja kutoka chumba cha sindano akikimbia. Kandambili moja ilimvuka mbele ya kitanda changu na hakuirudia. Alikuwa amebeba ule mfuko wa mpira wa kumpulizia mtu hewa kwa mkono, ambao baadaye nilikuja kujua kwamba aliuhifadhi kwenye droo yake huko kwenye sindano kwa sababu ule wa chumba cha upasuaji ulikuwa umepasuka. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimwona amepiga magoti kichwani kwa mama Anna, ameushika uso wake kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unabana mfuko, unaachia, unabana, unaachia. Mtaalamu mchangamfu alikuwa amesimama na mtungi, ule ule wa akiba, na mtungi ulikuwa mtupu tena.

Alibana ule mfuko mpaka umeme ukarudi. Sijui ni dakika ngapi. Mimi niliyelala pale nilihisi ni muda wa ibada nzima ya Ijumaa Kuu. Wakati wote nilikuwa najiambia neno moja: hiyo ni zamu yangu. Ingekuwa mimi, kwa koromeo langu lililopinda, hata huo mfuko usingesaidia.

Mama Anna aliamka. Alikaa siku kadhaa akiuliza swali moja mara nne, kisha akili ikamrudia yote, namshukuru Mungu. Yule mtaalamu wa kuazimwa nilimkuta ukutani amejifunika uso. Simlaumu. Alikuwa mtu mwenye moyo mwepesi aliyepewa chumba kitupu.

Mimi nilishuka kitandani kwa miguu yangu nikasema siingii mle mpaka Kabula awe kichwani kwangu. Nikapelekwa kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, nikiwa na gauni langu la kijani.

"Mama," akasema, amefungua faili, "aliyeomba aondolewe ni wewe."

"Naondoa ombi."

"Huwezi kuliondoa kwa mdomo. Barua ina watu kumi na moja na nakala zimekwenda ofisi sita. Waandike wote kumi na moja."

Hapo ndipo nilipotamani kupasua kitu mimi mwenyewe. Kati ya wale kumi na moja, mmoja alikuwa amekwenda Tanga kwa mwanawe, wawili walikuwa hawasemezani tangu kikao, na wifi yangu Nakiete alisema hawezi kubadili maneno yake kama kinyonga. Masika ilikuwa inanyesha. Sifaeli, ambaye siku zote nimemlaumu kwa ukaidi, alivaa koti la mvua, karatasi ya kuondoa ombi mfukoni, akapanda na kushuka kijiji kwa kijiji wiki tatu. Kwa Nakiete alikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akamwambia, "Dada, mke wangu analala kwenye kiti. Hutaki kutia saini, sawa, basi njoo wewe umshike mguu." Akatia.

Kabla ya kuandika barua ya pili, ya kuomba vifaa, tulikwenda kumwona Kabula kwenye chumba chake cha sindano. Sifaeli alikuwa na kalamu tayari. Akamwuliza anahitaji nini ili anilaze salama, ataje chote.

"Mzee, sitaki barua nyingine yenye jina langu," akasema.

"Jina lako halitakuwemo. Vitu tu."

Akafikiri, akaanza kutaja, polepole, kama mtu anayeogopa kuchekwa na kukatazwa. Mtungi wa akiba unaokaguliwa kila asubuhi na mtu akaweka saini. Balbu mbili za akiba. Kifaa cha kidoleni cha pili. Kifaa kinachoonyesha kwamba mpira umeingia njia ya hewa na si njia ya chakula. Mfuko mzima usiopasuka. Kisha akasema kuna sanduku la mbao stoo, limekaa huko tangu mwaka uliopita, lina mashine mpya ya usingizi iliyoletwa na wafadhili, inayoweza kufanya kazi hata umeme ukikatika. Haijafunguliwa kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuitumia, na atakayefungua sanduku ndiye atakayeulizwa mashine ikiharibika.

"Uliomba kufundishwa?" Sifaeli akauliza.

"Mara tatu."

Mume wangu aliiweka kalamu chini. Nadhani alikuwa anafikiria zile aya zake za namba. Mimi nilikuwa nafikiria sanduku. Miezi yote ile ya kukaa kitini, ya mito mitano, ya kusukuma gari kwenye tope, mashine ilikuwa imelala stoo hatua mia moja kutoka kitanda nilichofukuzwa, imefungwa misumari.

Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sijui kama ndiyo iliyofanya kazi. Sifaeli anajua ni yenyewe, na sina nguvu za kubishana naye. Ninachojua ni kwamba walikuja wakufunzi, wawili, wakakaa wiki mbili. Sanduku likafunguliwa. Kabula alirudishwa, akafundishwa yeye na wenzake watatu, akiwemo yule baba wa kuazimwa, ambaye aliomba mwenyewe. Mama mmoja wa usafi aliniambia walikuwa wanazima umeme makusudi, mdoli amelala kitandani, na wote wanafanya kazi gizani wakitamka kwa sauti kila wanachofanya. Siku ya kwanza mdoli alikufa mara nne.

Mara ya tano ilikuwa kipupwe, tangawizi ziko tayari kung'olewa na mimi siwezi kuinama. Pale kitandani mambo yalikuwa mengine. Kabla ya dawa yoyote, Kabula alisimama akasoma karatasi kwa sauti: jina langu, ninachofanyiwa, mtungi umejaa, balbu inawaka, balbu ya akiba ipo, nani atafanya nini nikiziba. Daktari alisubiri. Kila mmoja akajibu. Sijawahi kusikia wimbo mtamu hivyo, nami ni mwanakwaya.

Akanieleza kwamba hatanilaza kwanza. Atanipulizia ganzi kooni nikiwa macho nimekaa, aingize mpira, aone njia, ndipo nilale. Haikupendeza. Nilikohoa, machozi yalinitoka, nilitaka kumsukuma. Alikuwa ananiambia, "Pumua mama, nipo, pumua," na nilipumua.

Nilipozinduka shingo ilikuwa inaungua na kulikuwa na ukimya wa ajabu. Ilinichukua muda kujua ni nini. Filimbi ilikuwa imenyamaza. Sifaeli alikuwa kando ya kitanda, na kwa mazoea alikuwa ameshika kifundo cha mguu wangu.

Wanaokwenda huko, jueni kinachofuata. Vidole na midomo vitaingia ganzi na kuwasha, semeni mapema, kuna vidonge vyake. Sauti yangu ilikuwa mnong'ono kwa miezi miwili, na iliporudi ilirudi nzito, hata kwaya wakaniambia nikasimame upande wa kina baba. Nililia siku moja, kisha nikasimama. Kovu linawasha kukiwa na baridi. Nalala chali, na hilo bado linanishangaza kila nikilala.

Na jueni hili, maana ndilo nililoandikia. Mkiuliza kuhusu daktari atakayepasua, ulizeni pia atakayewalaza. Ulizeni mtungi wa akiba umekaguliwa lini. Futeni rangi kwenye kucha, jamani, hata kama harusi ni ya mwanenu. Mkiambiwa msile kabla ya upasuaji, uji nao ni chakula, msiunywe. Na mkirudishwa nyumbani, kabla hamjaita ukoo, ulizeni nini kilikosekana na nani alipaswa kukileta. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na hasira ya haki na nikampiga nayo mtu aliyekuwa amesimama mlangoni kwangu kunilinda.

Nilikwenda kumwomba radhi siku ya kutoa nyuzi. Nilimkuta amekaa benchi la nje, wakati wake wa chai. Nilimpa furushi la tangawizi, akalipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia kwa mnong'ono wangu kwamba barua ile ilikuwa na saini yangu juu kabisa.

"Najua, mama. Nilionyeshwa."

"Kwa nini hukukubali tu? Daktari alikwambia. Mimi nilikutukana. Ungenilaza ungekuwa na amani."

Alikuwa anazungusha kikombe.

"Nilikubali mara moja," akasema. "Kituo kingine, kabla sijaja huku. Mtungi ulikuwa hivyo hivyo. Niliambiwa tuendelee, nikasema sawa. Alikuwa mama wa umri wako, na alinisalimia vizuri kabla hajalala."

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo kwenye benchi mpaka jina langu likaitwa.